Mjane Aliyechuma Maua kwa Kimya

Paukwa!

— Pakawa!

Jua lilichomoza?

— Lilichomoza!

Likachwa?

— Halikuchwa!

Basi jua lisilokuchwa lina shughuli, na mwenye shughuli ana kisa. Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa na akohoe sasa, kwa maana mbele yetu kuna kimya, na kimya hakitaki kikohozi.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na mwanamke wa Pangani aitwaye Mwanahija. Akaja Mswidi mmoja kuchimba visima, jina lake Torsten, mrefu, mpole, mzito wa kutembea. Alichimba kisima cha kwanza, akaomba maji ya kunywa kwa kina Mwanahija. Alichimba cha pili, akaomba maji. Alichimba cha tatu, akaomba mke.

Watu wakamwambia Mwanahija, "Huko Uswidi utaganda, mwenzetu."

Akasema, "Nitakwenda na blanketi."

Akaenda. Na pamoja na blanketi alichukua sinia kubwa la shaba, kwa kuwa, alisema, nyumba isiyo na sinia ni hoteli.

Nchi ile, jamaa zangu, ina tabia yake. Wakati wa baridi jua huchungulia tu, kama jirani mwenye haraka. Hujakaa kulisalimu, limekwisha kwenda. Lakini kiangazi kikifika katikati, jua huja likakaa. Likakaa, likakaa, mpaka wenyeji wanapiga miayo nalo halina habari ya kuaga. Siku hiyo ndiyo sikukuu yao kubwa. Mwanahija aliiita Siku ya Jua Refu.

Siku ya Jua Refu hakuna anayekula peke yake. Kijiji kizima hutoka. Wanawake kwa wanaume huvaa taji za maua vichwani. Meza hupangwa nje: samaki wa siki, viazi vichanga vilivyochemshwa na majani yanayonukia, stroberi na malai. Kisha hucheza ngoma ya vyura, wakichutama na kurukaruka, wazee na watoto, hata hakimu. Mwanahija alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili akaruka nao. Mara ya tatu alikuwa akiwafundisha wageni.

Na katikati ya uwanja husimamishwa mlingoti. Si wa bendera. Ni mti mrefu uliofungwa majani na maua toka shinani hadi kileleni, una mti mwingine umekingama juu yake, na kila upande wa ule uliokingama inaning'inia pete kubwa ya maua, mfano wa herini za bibi harusi.

Mlingoti ule hausimamishwi na mashine, ingawa mashine wanazo. Husimamishwa kwa mikasi. Chukua miti miwili, uifunge kamba karibu na ncha, uitanue: hiyo ndiyo mikasi yao. Kila mguu una mtu wake, na mlingoti hulala katika panda ya juu. Mikasi mifupi huanza kuunyanyua kutoka kwenye nyasi, mirefu huupokea, na ule mrefu kuliko yote humaliza kazi. Mkasi wa nyumba hushikwa na watu wa nyumba hiyo, mwingine hauugusi. Ndivyo walivyoikuta mila, ndivyo walivyoiacha.

Mkasi mrefu kuliko yote ulikuwa wa nyumba ya Torsten. Mguu mmoja aliushika mwanawe wa kwanza. Huyu, baba ndiye aliyempa jina, akamwita Henrik. Mguu wa pili aliushika mwanawe wa pili. Kwa huyu, Mwanahija alisema, "Wa sasa ni zamu yangu," akamwita Mbaraka. Torsten mwenyewe alisimama mbele na kuita: "Ooo—hei!" Wote wakasukuma. "Ooo—hei!" Mlingoti ukapanda. "Ooo—hei!" Mlingoti ukasimama. Baada ya hapo baba, mama na wana wao walikula katika sinia moja la shaba, na majirani wakaja kutazama watu wanaokula viazi kwa mkono.

Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Mwaka mmoja mlingoti ulipanda, ukapanda, ukakaribia kusimama. Kisha ukayumba. Kisha ukaanguka. Haukumpiga mtu, uliyapiga majani tu. Lakini maneno yalipiga watu.

Henrik akasema, "Umeachia!"

Mbaraka akasema, "Mimi? Aliyeachia ni wewe, kaka!"

"Ulikuwa unawatazama wasichana!"

"Na wewe ulikuwa unajitazama mwenyewe!"

Torsten akasema, "Nyamazeni, wanangu. Tuuinue tena." Hawakuuinua. Majani yalipoanza kuanguka mitini, Torsten aliugua, naye akaanguka pamoja nayo. Wakamzika, Henrik amesimama upande huu wa kaburi, Mbaraka upande ule. Walipotoka makaburini walikwenda moja kwa moja kwenye ghala la baba yao, wakaifungua kamba ya mkasi mrefu, na kila mmoja akabeba mguu mmoja kwenda kwake. Huyu mashariki ya ziwa la kijiji, huyu magharibi.

Nanyi nijibuni. Mkasi wa mguu mmoja ni nini?

— Kuni!

Kuni. Na mama wa watoto wawili wasioonana ni nini?

Mnanyamaza. Hata yeye alinyamaza.

Mwaka uliofuata, Siku ya Jua Refu ilipokaribia, Mwanahija alikwenda kuwaita kwa kinywa. Alisimama mlangoni pa Henrik, akaimba wimbo aliowaimbia walipokuwa wadogo:

*Henrik mwanangu, Mbaraka mwanangu,*
*sinia ni moja, na nyinyi ni wangu,*
*njooni mle, njooni mle.*

Henrik akatoka. "Mama, na yeye anakuja?"

"Anakuja."

"Basi mimi siji."

Akazunguka ziwa mpaka kwa Mbaraka, akaimba wimbo ule ule. Mbaraka akatoka. "Mama yangu mzuri, na yeye anakuja?"

"Anakuja."

"Basi mimi nina homa."

"Homa gani hiyo?"

"Itakayonishika siku hiyo."

Mwaka huo mlingoti ulipambwa, lakini haukusimama. Watu waliuchezea ukiwa umelala, kama watu wanaomchezea mgonjwa.

Mwaka wa pili akawaita kwa pua. Alichemsha viazi, akakaanga samaki kwa nazi aliyoiagiza kutoka mbali, akaweka sinia uwanjani upande unakotoka upepo. Harufu ikazunguka ziwa. Henrik akaja, akaiona kofia ya mdogo wake, akageuka. Mbaraka akauona mgongo wa kaka yake, naye akageuka. Mwanahija akabaki na sinia. Akaimba, lakini kwa sauti ya kujiimbia:

*Henrik mwanangu, Mbaraka mwanangu,*
*sinia ni moja, na nyinyi ni wangu,*
*njooni mle, njooni mle.*

Akamega. Tonge la watu wengi likikosa watu, halipiti kooni. Akaliweka chini.

Mwaka wa tatu wakubwa wa kijiji walikutana, wakatoa neno lao: mlingoti usiposimama safari hii utakatwakatwa, na kila mtu atafanya sikukuu uani kwake. Aliyeleta habari hiyo kwa Mwanahija alikuwa jirani yake Gunhild, bibi mwenye mashavu mekundu na ulimi usiofungwa kwa kufuli.

Gunhild akasema, "Shoga yangu, wanao ni wakaidi kuliko mbuzi wangu."

"Mbuzi wako umewalea wewe. Na hawa nimewalea mimi. Kwa hiyo sote hatujui kulea."

Wakacheka. Kisha Mwanahija akaacha kucheka.

"Gunhild, nikuambie jambo. Kwetu, mtu akifa, huwajia watu wake usingizini. Mama yangu amenijia. Shangazi yangu amenijia, akanigombeza. Torsten, tangu nimzike, hajaja hata mara moja. Kila usiku namwekea nafasi, wala haji."

"Torsten alikuwa mzito wa kutembea hata alipokuwa hai," alisema Gunhild. "Anataka kuitwa. Chuma maua."

"Maua gani?"

Gunhild akamweleza. Siku ya Jua Refu, msichana huruka nyua akachuma maua saba, kila ua la aina yake, akayalalia chini ya mto. Atakayemwota ndiye mumewe. Lakini tangu ua la kwanza mpaka kuamka kwake hatamki neno, wala hacheki. Akitamka, ndoto imekufa. Mtu akimsemesha mpaka akajibu, nuksi yote ni ya yule aliyemsemesha. Na wanaofuatana naye hawagombani, kwa sababu ugomvi huyaharibu maua.

Mwanahija akauliza polepole, "Wanaofuatana naye hawagombani?"

"Hawathubutu."

"Hata wakiwa wakaidi kuliko mbuzi?"

Gunhild akamtazama. Akaanza kutabasamu. "Lakini hayo ni mambo ya wasichana, Hija. Nao huchuma jioni, baada ya ngoma."

"Wasichana wana magoti. Mimi nitaanza asubuhi. Na mume, je, ninaye?"

"Huna."

"Basi mimi na wao hali yetu ni moja."

Jamaa zangu, msiseme ilikuwa hila tupu. Ilikuwa hila, naam. Sungura mwenyewe angeivulia kofia. Lakini mkono mmoja wa Mwanahija ulitaka wana, na mkono wa pili ulimtaka Torsten kwa hamu iliyomkausha mate. Alitaka yote mawili. Mshika mawili?

— Moja humponyoka!

Aa, msitangulie. Tutafika.

Siku ya Jua Refu ikafika. Mwanahija akaamka, akajifunga kanga, akavaa taji la majani juu ya mtandio, akatoka. Akachuma ua jeupe lenye jicho la njano. Akachuma la buluu lililoinama kama kengele. Alikuwa na magoti mabaya. Nyua alizipita kwa malangoni. Mpaka anafika kwa Henrik ana maua saba mkononi, na kinywa kimefungwa.

Henrik alikuwa akitengeneza uzio. "Mama! Mbona mapema?"

Kimya.

"Mama, unaumwa?"

Kimya. Ndipo Henrik alipoyaona maua. Hakuna mtoto wa kijiji kile asiyejua maana yake. Nyundo ikashuka. "Unamtafuta baba," alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto.

Mwanahija akanyosha kidole kwenye mguu wa mkasi uliosimama nyuma ya ghala.

"Hapana, mama. Hilo hapana."

Akaendelea kunyosha.

"Mama, nimesema hapana."

Akaendelea kunyosha, na mdomo wake ukaanza kutetemeka kama wa mtu anayekaribia kujibu. Henrik akaogopa. Atamke kwa ajili yangu? Nimvunjie ndoto ya baba mimi? Akajitwika mguu ule begani, akamfuata mama yake bila neno.

Wakazunguka ziwa. Mbaraka alikuwa amekaa mlangoni, anakunywa kahawa. "Karibu mchumba!" alisema alipoyaona maua. "Nani huyo mwenye bahati yake? Mwambie aje na barua, aje na ubani, na mimi nimtazame meno!"

Mwanahija akajiuma midomo. Kucheka nako ni mwiko. Lakini machozi hayakukatazwa, akaachia mawili. Mbaraka akaacha mzaha. Kisha akamwona kaka yake nyuma, mti begani, na uso wake ukakunjamana.

"Huyu amefuata ni—"

Henrik akaweka kidole mdomoni, akaelekeza macho kwenye maua.

Jamaa, mmewahi kuuona ugomvi uliokosa ulimi? Ni kama mbwa aliyekosa meno: unazunguka, unanguruma ndani, hauna pa kuuma. Mbaraka aliingia ndani akitembea kwa kishindo. Akatoka na mguu wake wa mkasi.

Wakaandamana, mama katikati, mti kulia, mti kushoto.

Uwanjani Gunhild alikuwa amekwisha kupita. "Atakayefungua kinywa," aliwaambia watu, "nitakiziba kwa samaki wa siki." Kwa hiyo kijiji kizima kilisimama kimya, taji vichwani, kama bustani inayopumua.

Mlingoti ulikuwa umelala kwenye nyasi na herini zake. Wale ndugu wakailaza miti yao. Kufunga mkasi, Torsten alimfundisha Henrik kuzungusha kamba, naye Mbaraka akafundishwa fundo. Kila mmoja alijua nusu. Henrik akazungusha. Akanyosha kamba. Mkono wa Mbaraka ukaipokea, na vidole vikagusana. Hakuna aliyevuta mkono.

Watu wa mikasi mifupi wakashika. Ni nani aite? Hakuna mwitaji. Mwenye wito alikuwa Torsten, na wito ulikuwa wa nyumba yake. Henrik akiita, Mbaraka atasema amejifanya baba. Mbaraka akiita, Henrik atasema mdogo kamrukia kichwani. Basi walitazamana macho kwa macho, wakasukuma kwa pumzi.

Mlingoti ukanyanyuka. Mikasi mirefu ikaupokea. Ukapanda. Mkasi mrefu kuliko yote ukaupokea. Ukapanda, ukakaribia kusimama.

Ukayumba.

Pale pale, jamaa. Mahali pale pale pa mwaka ule.

Henrik alimtazama mdogo wake ili amkamate akiachia. Akaona mishipa ya shingo imesimama, akaona mikono inatetemeka, akaona damu kwenye kiganja. Na Mbaraka akamtazama kaka yake kwa nia ile ile, akayaona yale yale. Miaka yote hiyo kila mmoja alijua kuwa yeye hakuachia. Hakuna aliyejua kuwa mwenzake naye hakuachia. Mlingoti ulikuwa mzito, basi. Ulikuwa mzito tu.

Lakini kujua si kusukuma. Mlingoti ukaanza kurudi. Ukarudi kidogo. Ukarudi tena. Ulihitaji msukumo mmoja wa watu wote, na pumzi za watu wote zilikuwa zimetawanyika.

Mwanahija alisimama mbele, mahali alipokuwa akisimama mumewe. Mkononi ana maua saba. Akiyanyamazia mpaka asubuhi, Torsten atakuja. Baada ya kungoja kote kule, atakuja, atakaa ukingoni mwa kitanda na miguu yake mizito. Na ukianguka mlingoti huu leo, wana hawa hawatasimama tena pamoja mpaka siku ya kumzika yeye.

Aliyatazama maua. Akawatazama wanawe.

Akafungua kinywa.

"Ooo—hei!"

Mlingoti ukasita.

"Ooo—hei!"

Mlingoti ukapanda.

"Ooo—hei!"

Ukasimama! Ukasimama wima, herini zikicheza masikioni, na kijiji kikapiga kelele zilizokuwa zimewekwa akiba miaka yote ile. Vigelegele vilikuwa vya mtu mmoja tu, naye Gunhild, kwa sababu Mwanahija ndiye aliyemfundisha.

Watu wakaruka ngoma ya vyura. Henrik akaruka, Mbaraka akaruka nyuma yake na kumkanyaga visigino.

"Unaruka kama gunia, kaka!"

"Na wewe unaruka kama mwenye homa!"

Gunhild akamjia Mwanahija, mashavu yamelowa. "Mpumbavu wewe. Umemwacha aende zake."

"Alikuwa amekwisha kwenda, shoga yangu," alisema Mwanahija. "Mimi ndiye niliyekuwa bado namshika shati."

Sinia likawekwa. Viazi vikatoa moshi katikati, samaki kando. Wakakaa watatu. Jua lilikuwa bado lipo, linawatazama kama mgeni asiyejua saa. Wana walinawa, lakini hakuna aliyemega. Walikuwa wamekumbuka.

Henrik akasema, "Mama, umevunja mwiko. Baba hatakuja."

"Hatakuja."

"Ni kwa ajili yetu. Na siku ile ya kwanza, kumbe hakuna aliyeachia—"

"Siku ile siijui. Leo aliyeachia ni mimi. Basi, yamekwisha."

Mbaraka, ambaye hakuwahi kukosa la kuchekesha, alilikosa. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Angekuja, mama, ulitaka kumwambia nini?"

Mwanahija alimenya kiazi, akakigawa vipande viwili, kimoja akakisukuma upande wa huyu na kimoja upande wa yule, kama alivyofanya walipokuwa hawafiki mezani.

"Nilitaka kumwuliza," alisema, "nifanyeje ili niwapate nyinyi wawili katika sinia moja."

Akawasogezea samaki.

"Swali limekwisha, wanangu. Hamu ndiyo haijaisha. Lakini hamu haimkatazi mtu kula. Haya, kuleni."

Wakala.

Nami nilipowaacha walikuwa bado wanakula, na jua halijakuchwa. Uzi wangu umefika nchani, naukata kwa meno. Hadithi hii ikiwakolea, itieni mfukoni mkampe aliyenuniana na nduguye. Ikiwachachia, nirudishieni mwenyewe. Nyumbani kwangu hakitupwi kitu.